Nyongeza ya Mnavu

Kalenga,
Iringa.
8 Januari, 2025

Wifi yangu mpendwa Veneranda,

Kamwene, wifi. Habari za Kasulu? Shemeji Clement hajambo, na watoto, na yule mdogo aliyekuwa anasumbuliwa na masikio, ameshapona? Huku miili yetu ni mizima. Kikohozi cha Aroni kimekwisha, anaendesha bajaji yake kama kawaida. Blessing anaingia darasa la tano wiki ijayo na viatu vya mwaka jana vimeshamkataa. Mvua imekuja vizuri, mahindi yamefika magotini, ila mto umejaa na bustani ya chini tumeuachia wenyewe.

Najua unashangaa kupata barua wakati simu ipo. Simu ya nyumba hii unaijua. Ukipiga wewe, kaka yako Aroni anaweka sauti kubwa na wote tunaizunguka kama redio. Haya ya leo siwezi kuyasema Mama akiwa amekaa pembeni yangu. Na hata angekuwa hayupo, kwa mdomo ningeanza kupunguza hapa na kuongeza pale, najijua. Kwenye karatasi nikidanganya naona mwenyewe.

Jambo lenyewe ni hili. Jumapili ulisema Pasaka unakuja kumchukua Mama akakae kwako, akapimwe, kwa kuwa kumbukumbu zimeanza kumtoka. Usikate tiketi kwanza. Kichwa cha Mama ni kizima kuliko changu. Naomba usome mpaka mwisho, halafu unitukane utakavyo.

Kazi yetu ya makapu unaisikia kwenye simu tu, ngoja nikueleze vizuri. Kila Jumamosi nyumba kumi na nane pale mjini zinapelekewa kapu la mboga kutoka kwenye bustani yetu, chochote ambacho wiki hiyo imeleta. Kiangazi wanapata karoti, kabichi na njegere. Masika yakianza wanapata majani ya maboga, mchicha, figiri na vitunguu vya majani. Hawachagui. Wanafungua kapu na kupika walichokikuta. Sisi tuliwaahidi kitu kimoja tu, kwamba mboga yetu haijaguswa na dawa ya sumu, mtu aoshe ampikie hata mtoto.

Kazi hiyo mimi niliipanga kwa rula. Mafungu sawa, kamba sawa, kila kapu na idadi yake. Mama rula hiyo hakuipenda tangu siku ya kwanza. Kwake yeye kumpa mtu mboga bila nyongeza ni kumtukana. Atafunga fungu lake vizuri kabisa, halafu mkono unarudi wenyewe kuchukua konzi nyingine. Mara ya kwanza nilimwambia kwa upole. Mara ya pili kwa upole kidogo. Mara ya tatu tulikuwa kisimani na wanawake wenzetu, nikasema kwa sauti ya kusikika kwamba kwa mkono wa Mama tutabakiwa na mashina. Wenzangu walicheka. Mama alijitwika ndoo yake akaondoka. Tangu hapo tukabaki na kamwene ya asubuhi na kamwene ya jioni, katikati kimya.

Sasa ilikuwa Alhamisi, tarehe kumi na mbili Desemba. Philbert, yule jirani yetu mwenye nyanya ng'ambo ya mfereji, alinikuta nang'oa karoti.

"Mama Blessing," akaniambia, "kesho alfajiri napiga dawa ya kantangaze, ile kali. Wadudu hao wamenimalizia nyanya. Mwambie bibi asichume mnavu kwangu mpaka nitakapowapa ruhusa."

Unajua kwa nini alimtaja Mama. Mnavu haupandwi na mtu, unajiotea katikati ya nyanya, na hapa kwetu hakuna anayebisha hodi kwenda kuuchuma. Mwenye shamba anashukuru kwamba amepaliliwa bure. Mama hupita kwa Philbert kila wiki. Nikamjibu sawa, nitamwambia.

Sikumwambia, wifi. Nilifika nyumbani nikamkuta jikoni amenipa mgongo, nikasema moyoni kwamba safari hii sitakuwa wa kwanza kufungua mdomo. Ni kiburi, sina jina lingine la kukipa. Nilijidanganya kwamba nitamtumia Aroni, na Aroni naye sikumwambia.

Ijumaa jioni tulifunga makapu. Mama alisubiri niende kumchukua Blessing kwenye mafundisho ya komunyo, akavuka mfereji, akachuma mnavu kwa Philbert, akaweka konzi mojamoja chini ya majani ya maboga, makapu yote kumi na nane. Alificha kwa sababu alijua nitamfokea. Mama yako, mwenye miaka sabini na moja, alikuwa anaiba njia ya kuwapa watu kitu cha bure.

Na mimi niliuona. Hili hata Aroni halijui. Jumamosi asubuhi tunapakia kwenye bajaji, shina la mnavu lilikuwa limechungulia kwenye kapu la Bi Waridi wa Mlandege. Niliposhika lile kapu damu ilinipanda. Nikasema, huyu mama amenishinda tena. Dawa ya Philbert haikunijia kichwani hata kidogo, nilivyokuwa nimeshughulika na hasira yangu. Nikalisukuma lile shina ndani kwa kidole, Aroni akawasha bajaji akaondoka.

Saa tano Philbert akapita njiani na bomba lake la dawa mgongoni, kitambaa usoni, anakwenda kumalizia upande wa juu. Hapo ndipo nilipokumbuka. Nikakaa chini palepale na kuanza kupiga simu. Kila anayepokea namwambia hivyohivyo: mnavu msiule, mwageni, hata kuku msiwape. Wengine walikuwa wameshauosha. Mmoja alikuwa ameshaukaanga, akautupa pamoja na sufuria. Nyumba kumi na saba niliwahi.

Bi Waridi hakupatikana. Mjini umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri, simu yake imezimika. Nikampigia Aroni, akageuza bajaji kurudi Mlandege. Alipofika alikuta mjukuu wa Bi Waridi, Nusrat, mtoto wa miaka mitano, amelazwa kwenye mkeka anatetemeka, udenda unamtoka, sahani yake tupu iko pembeni. Bi Waridi mwenyewe alikuwa bado hajala. Aroni alimbeba mtoto akampakia, wakakimbia hospitali.

Siku mbili zile sitaki kuziandika. Ninachoweza kukuambia ni kwamba mtoto alipona, Mungu ashukuriwe, na sasa anacheza na wenzake. Mama alikaa kwenye benchi la nje ya wodi siku zote mbili, hata maji hakunywa. Bi Waridi alikuwa akipita mbele yake haitikii salamu, na simlaumu.

Siku ya pili Philbert alikuja na kofia mkononi. Anaogopa polisi, anaogopa kuitwa muuaji. Mbele yetu wote, Aroni, Bi Waridi na Mama mwenyewe, akasema yeye alitoa taarifa siku moja kabla, Mama Blessing ni shahidi. Kisha akauliza kama bibi aliambiwa. Wote wakanigeukia.

Nikasema, "Nilimwambia. Labda amesahau."

Ilitoka hivyo, wifi, bila kupanga. Nilikuwa naogopa. Nilimwona Bi Waridi na macho yake mekundu, nikamwona Aroni, nikawaza kwamba mimi ni mtu wa kuja hapa, Mnyakyusa kutoka Tukuyu, nitarudishwa kwetu na kosa la kulisha mtoto wa watu sumu. Mama aliniangalia kidogo. Nilingoja akatae, aseme huyu anaongopa. Badala yake aliinamisha kichwa akawa anahesabu vidole vyake, na hapo ningeweza kusema, nikanyamaza.

Wiki iliyofuata wenye makapu walikutana uani kwa Bi Waridi. Sita walijitoa. Kumi na wawili wakakubali kuendelea kwa sharti moja, kwamba yule bibi asiguse tena mboga zao. Nani aliyeitikia kwa niaba ya familia? Mimi. Nilikubali kwa kichwa, nikarudi nyumbani kumpa Mama sharti hilo kwa mdomo wangu, naye akajibu wana haki.

Nawe ulipopiga simu ukamwambia umri umekwenda, akae kivulini apumzike, ulisema kwa ulichokijua. Sikulaumu. Ila Mama ameyashika maneno yako. Bustanini hakanyagi. Mboga za majani hali, ni ugali na maharage tu. Kupika ameacha, anaogopa atatia chumvi mara mbili. Krismasi wali uliungulia mikononi mwangu, yeye amekaa mlangoni anatazama barabara. Juzi alimwomba Blessing amwandikie kwenye karatasi siku za kumeza dawa zake za presha, yeye ambaye anajua mbuzi wa kila nyumba hapa Kalenga amezaliwa lini na kwa mama yupi.

Aroni anamhurumia. Anaongea naye polepole kwa sauti ya juu, kama anaongea na mgonjwa. Nikimsikia natoka nje.

Pamoja na hayo ningeendelea kunyamaza, nikuambie ukweli. Nilishaanza kuona kwamba Pasaka ukija ukamchukua, nitapumua. Nilifikia huko. Kilichonishinda ni jambo la jana mchana.

Jana nilikuwa nafua, Mama akaja akakaa kwenye kigoda karibu na beseni. Alikaa muda mrefu. Tangu tugombane kisimani hajawahi kunisogelea hivyo. Akaniuliza taratibu, sauti ya mtu anayeomba kuazima kitu:

"Mwanangu, siku ile uliponiambia habari ya dawa ya Philbert, nilikuwa nafanya nini? Najitahidi kukumbuka, sipati."

Nafasi ndiyo hiyo, niliwekewa mbele yangu. Hakuna mtu mwingine, mimi na yeye na beseni la nguo. Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Ulikuwa unapepeta maharage, Mama. Pale karibu na kihenge."

Akafumba macho. Akakaa hivyo, midomo inacheza. Halafu akafumbua, uso umemkunjuka, akasema, "Ee. Kweli, nilikuwa napepeta. Sasa nakumbuka. Ulisimama hapo mlangoni. Asante, mwanangu."

Akanishukuru, wifi. Amekubali kukumbuka kitu ambacho hakikutokea, kwa kuwa ananiamini mimi kuliko anavyojiamini yeye. Niliendelea kufua lile shati mpaka mikono ikachubuka.

Sasa nimeamua hivi. Mwalimu Shedrack, mwenzako wa hapo shuleni, anamaliza likizo yake na kesho alfajiri anapanda basi kurudi huko. Barua hii nampelekea sasa hivi kwa mama yake, kabla sijazungumza na mtu yeyote. Nimefanya makusudi. Nikianza kwa Mama, nitapata kisingizio cha kesho, na kesho kutwa, nilivyojiona jana sijiamini tena. Ikishakuwa ndani ya begi la Shedrack siwezi kuirudisha. Nikitoka huko namwambia Mama, kisha Aroni, na Jumamosi nakwenda mwenyewe Mlandege kwa Bi Waridi na kwa kila nyumba yenye kapu letu. Wakijitoa wote, wajitoe. Aroni akinirudisha Tukuyu, nitakwenda, ila kwanza nitamwomba Blessing anisamehe.

Siku utakayopokea barua hii, mpigie Mama. Muulize alikuwa anafanya nini Alhamisi ile. Akikujibu kwamba alikuwa anapepeta maharage, ujue nimeshindwa tena, na umwambie wewe mwenyewe, papo hapo, hata kama sauti ya simu ni kubwa na mimi nimekaa hapo nasikiliza.

Nisalimie sana shemeji Clement, na watoto wote kwa majina yao. Blessing anawasalimu. Aroni anawasalimu, ingawa hajui. Za Mama sina za kukuletea safari hii, kwa sababu nimeandika kwa kujificha, na sitaki tena kusema kwa niaba yake neno ambalo hakulisema.

Mungu akulinde na nyumba yako, akupe moyo wa kumfariji mama yako kabla ya kunihukumu mimi.

Ndimi nikupendaye, wifi yako kama bado unanitaka,

Tupokigwe
(Mama Blessing)