Baba, Haukuwa Mgongo

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua hapo ulipo umeitikia marahaba, maana wewe hata ukiwa umeudhika salamu huiachi ikapita. Sisi huku Mpendae ukitutazama kwa nje hatujambo. Kwa ndani nina haya, na haya hiyo ndiyo iliyonikalisha kuandika. Kwenye simu kila nikikupigia unasema, "Alhamdulillah, nnaendelea," kisha unampa simu wifi yangu kabla sijavuta pumzi.

Uliondoka bila ya kuaga. Niliamka nikakuta mkeka umekunjwa, na dema la kutegea samaki ulilokuwa ukilisuka uwani umeliegemeza ukutani, nusu lina mdomo na nusu halina. Umerudi Tumbatu na mpira wa mkojo mwilini, siku ya operesheni inakaribia, na wifi ananambia umesema, "Mwambieni daktari asinisubiri, siendi tena." Baba, daktari alisema mbele yako kwamba mpira si wa kukaa nao tu, kwamba ukiachwa ovyo unaingiza maradhi na maradhi yanapanda kwenye figo. Uliyasikia. Na najua hukatai kwa kuogopa kisu. Unakataa kwa sababu yangu.

Basi niwie radhi nikukumbushe mambo tuliyopitia pamoja, ili tusikumbuke kila mtu lake.

Ulikuja kwetu na mgongo. Mwanao alikuwa anatoka alfajiri kwenda kwenye majengo ya Fumba, anarudi amechoka hata viatu havui, kwa hivyo mchana tulikuwa wewe, mimi na watoto. Nilikuwa nakuona unainuka barazani, unakwenda uwani, unakawia, unarudi na uso umekaza. Chai nikikuletea unaigusa mdomoni unairudisha. Nilidhani chai yangu imekushinda. Nilizidisha iliki, nikapunguza sukari, siku moja nikamwita jirani aipike yeye. Kumbe ulikuwa unaogopa kunywa kwa sababu kikiingia hakitoki.

Nikakupeleka hospitali, mtoto mdogo kiunoni. Daktari kijana yule akakuuliza unaumwa nini. Ukanitazama mimi, ukatazama feni, ukasema, "Mgongo." Nami nikadakia, "Mgongo, dokta, unamsumbua kweli kweli." Tukapewa vidonge vya maumivu. Vilipokwisha tukarudi, tukasema mgongo, tukapewa vingine. Wewe ulisema mgongo kwa sababu nilikuwepo mimi, na mimi nikasema mgongo kwa sababu umesema wewe. Daktari wa watu angejuaje? Mkwe na mkaza mwana hawatajiani yaliyo chini ya kiuno. Hivyo nilifunzwa, na wewe pia. Tumeketi pale kwenye viti viwili, kila mmoja anamstahi mwenzake, na tumbo lako linajaa.

Mara ya tatu ulikuwa huwezi kunyooka. Jasho linakutiririka, tumbo limevimba chini ya kanzu. Tulikuwa tumekaa kwenye benchi ndipo akapita yule mama mnene wa buibui la kijani, kitambulisho kifuani. Akakusalimia vizuri, akasema yeye anaitwa Bi Rukia na kazi yake ni mtetezi wa wagonjwa. Na wewe na maumivu yale yote ukamjibu, "Mtetezi? Kwani mie nshashitakiwa?"

Akacheka. "Hujashitakiwa, mzee. Lakini shahidi ni wewe peke yako, na nnaona hutaki kusema. Unaumwa nini?"

"Mgongo," nikajibu mimi.

"Ahsante mama, nilimuuliza mzee." Kisha akamwangalia mtoto. "Huyu humu ndani kashikwa na joto. Hebu katembee naye kidogo."

Sikufichi baba, nilikasirika. Nilijiambia, huyu ni nani wa kunitoa mimi niliyeamka kabla ya jogoo, nikapika, nikaogesha, nikaleta mgonjwa? Nikasimama nje ya dirisha na mtoto analia. Maneno siyasikii, lakini nilikuwa naisikia sauti yako. Ilisema, ikasema, ikasema. Nyumbani kwangu hukuwahi kuzungumza kwa urefu ule. Hapo ndipo hasira ilipogeuka haya. Mtu asiyejua hata jina la baba yako alikuwa anaambiwa yale tusiyoyajua sisi tunaokula nawe sinia moja.

Nimekuja kujua baadaye kwamba hakukuuliza kitu cha kukuaibisha. Alianza yeye. Alisema wazee wa Unguja wote wanaumwa mgongo, na mgongo wao unaanzia shingoni unaishia magotini, kwa hivyo yeye keshazoea kuuliza ni kipande gani. Alikuuliza uliweza kufanya nini mwezi uliopita ambacho sasa huwezi. Ukamwambia. Akakuuliza ungependa nani akutazame, ukasema mwanamume mtu mzima, akaenda akamleta muuguzi mzee, akavuta pazia, naye mwenyewe akatoka. Akamwambia daktari ni vidonge gani ulivyokuwa ukimeza na kwa muda gani, na daktari akaviondoa hapo hapo, akasema kwa figo zilizozibwa havifai. Wakakutia mpira. Nilikusikia ukisema "Alhamdulillah" mpaka huko nje nilikokuwa, na ile haikuwa alhamdulillah ya kwenye simu.

Kisha Bi Rukia akanijia. Akasema, "Mzee kaniruhusu nikwambie anachoumwa. Lakini kasema nisikwambie mbele yake." Akanieleza ile tezi ya wanaume inavyovimba ikabana njia ya mkojo, na kwamba wazee wengi wanapata. Mimi mtandio nshauvuta mpaka puani. Nikamwambia, "Bi Rukia, mie mkaza mwana wake. Mambo haya ya nini kunambia mie?"

"Mchana nyumbani anakuwa na nani?"

"Na mimi."

"Ndiyo nnakwambia weye."

Nikamuuliza yeye ni daktari au ni muuguzi. Akasema si daktari wala si jamaa. Kazi yake aliisomea, nayo ni kuhakikisha kilicho moyoni mwa mgonjwa kinamfikia daktari, na aliyoyasema daktari yanamfikia mgonjwa yakiwa mazima. Nilidhani ananichezea. Kumbe nilikuja kuyaona kwa macho yangu siku ya kuzungumzia operesheni. Daktari mkubwa alikuwa anasema haraka, nasi tunaitika ndiyo, ndiyo. Bi Rukia akamkata, "Samahani dokta, mzee kaitika kwa adabu, hajafahamu." Akakugeukia, "Mzee, hebu tueleze weye watakufanya nini."

Ukafikiri. Ukasema, "Kwa hivyo mnazibua mfereji."

Daktari akacheka mpaka akavua miwani. "Ndiyo hivyo mzee. Tunazibua mfereji."

Mwanao hapo hapo, "Basi mkateni kesho!" Bi Rukia akasema, "Taratibu baba. Anayekatwa ni yeye. Tumuulize." Ukauliza maswali yako. Ulipofika kwenye lile swali moja la wanaume ukasita, ukanitupia jicho, na safari hii nilitoka mwenyewe bila ya kuambiwa mtoto kashikwa na joto. Niliporudi ulikuwa umeshakubali. Umekubali wewe, kwa ulimi wako.

Sasa nafika pale ambapo uso wangu unawaka.

Walitufunza sote namna ya kumwaga mfuko wa mkojo ulio mwishoni mwa mpira na kuufunga. Mwanao ameshika, akawa anafanya asubuhi na jioni. Mimi nilifunzwa pia, kwa chupa ya maji, nikasema nimefahamu, na nyumbani sikuugusa hata mara moja. Nilijiambia haja haipo. Siku ile rafiki yako wa msikitini kaja kukutazama, mmekaa sebuleni mnazungumza, mfuko ukachomoka. Ukamwagika mkekani mpaka kwenye miguu ya mgeni. Na Salma, mjukuu wako mkubwa, kwa ile sauti yake inayosikika mtaa wa pili, akapiga kelele, "Babu kajikojolea!"

Nilimziba mdomo, nikamvuta chumbani, nikafunga mlango.

Nilibaki huko ndani, mgongo wangu umeegemea mlango. Nilimsikia rafiki yako akisema, "Yakhe, si kitu, sote tunakwenda huko huko." Nikakusikia unainama. Nilipotoka mgeni keshaondoka, mkeka uko juani, na umeupangusa kwa kikoi chako mwenyewe. Hatukusemeshana. Nilikupakulia chakula cha jioni kama siku zote, nikakuwekea upande wako mnofu wa samaki, nikadhani tumemaliza. Asubuhi hupo.

Juzi wifi ndiye aliyenambia ulivyosema ulipofika: "Mkaza mwanangu kanikimbia."

Tangu kulisikia neno hilo sijalala vizuri, na mimi usingizi wenyewe ni wa kuokoteza. Nilikwenda kwa Bi Rukia. Nilimwomba akupigie, akutishe kidogo, akwambie utakufa. Akakataa katakata. "Simtishi mtu. Ana haki ya kukataa operesheni. Lakini lazima ajue anachokikataa ni kitu gani." Kisha akaniuliza, "Mzee keshajua kwamba hakukimbiwa?"

Nikasema hajui.

"Hilo daktari hawezi kumwambia. Wala mimi."

Kwa hivyo nakwambia, baba. Sikukukimbia kwa kinyaa. Mimi ni mama wa watoto wawili, siku yangu inaanza kwa mkojo na inaisha kwa mkojo, na katikati natapikiwa. Kitu gani cha mwili wa binadamu kitanitia kinyaa? Nilikimbia kwa sababu nilifunzwa kwamba mkwe akifunuka, heshima yake ni wewe usiwe umeona. Nilifikiri nikifunga mlango nimekusitiri. Nilikuwa nakupa heshima yote niliyonayo, na wewe upande wa pili wa mlango ukaipokea kama dharau. Na sikulaumu. Mlango uliofungwa haujielezi.

Haya hii sijui kama itanitoka. Hata kuyaandika maneno haya kwa mkono wangu, mkojo, tezi, mpira, natazama nyuma kama mama yangu amesimama. Lakini nimejifunza kuwa kuna stara na kuna kumwacha mtu peke yake, na mimi nilivichanganya. Kumuona mtu akihangaika ukafunga mlango si stara. Stara ilikuwa kutandika shuka baina yako na mgeni, kumtoa Salma nje, na kuushika ule mfuko nikaufunga kama nilivyofunzwa, kimya kimya, bila ya kukutazama usoni. Nilikuwa naweza. Leo naweza zaidi, maana nimerudi kwa yule muuguzi mzee nikamwambia anifunze tena, na safari hii sikusema nimefahamu mpaka nilipofahamu.

Salma anakuulizia. Anataka kujua babu atarudi lini kumalizia lile dema, maana ameshaweka mdoli wake ndani na anasema kavuliwa.

Na sasa nitasema kwa ukali kidogo, unisamehe. Leo asubuhi wifi kanambia umekuwa na homa tangu jana, na maji kwenye mfuko yamegeuka rangi, yana ukungu. Wewe ulimkataza asiseme. Kasema, na kafanya vyema. Nimempigia Bi Rukia, naye akauliza kwa madaktari wenyewe, jibu likarudi kwamba hilo si la kusubiri siku ya operesheni wala si la kutazamiwa nyumbani. Ni la kuja sasa. Watakubadilishia mpira, watakupa dawa. Ukishapona homa, kama bado hutaki operesheni, kaa na daktari umwambie mwenyewe, Bi Rukia atakuwa ubavuni pako na hakuna atakayekulazimisha, si mimi wala mwanao. Kataa kwa sababu zako, nitakuheshimu. Lakini usikatae kwa sababu ya mlango wangu. Sitaki kuwa ndiye niliyekuua kwa adabu.

Mwanao ndiye aliyekukabidhi karatasi hii. Ameisoma yote, nimemtaka aisome, ili yasiwepo tena ya kunong'onezana baina yetu. Leo hakwenda kazini. Hakuja Tumbatu kukusalimia, baba, kaja kukuchukua, na boti ya kurudi inamsubiri. Amesimama hapo nje anajifanya anazungumza na dada yake. Mwite.

Akuhifadhi Mola njiani mpaka nikupokee kwa mikono yangu.

Mkaza mwanao,
Mama Salma