Sauti Yangu Kwenye Albamu Yenu

Mwanangu Prosper,

Ugonile, umeamkaje? Huku Masukulu mvua haikati, na ndizi zimekubali. Unakula vizuri huko Dar? Nisije nikasikia umekonda.

Juzi Amoni alikuja na ile albamu ya bendi yenu. Wameitoa upya, wameongeza nyimbo mlizorekodi jikoni kwangu mkiwa vijana. Akasema, "Mama, kaa kwanza." Gitaa lako likalia, mvua ikapiga bati, halafu mwanamke akaita: "Prosper, Amoni, acheni makelele, njooni mle." Kumbe ni mimi. Nimecheka mpaka machozi. Jirani Tulinagwe kairudisha mara ngapi sijui.

Amoni hakucheka. Aliniuliza, "Bado ana hasira na mimi?" Nikamwambia sijui, maana tangu mgombane mkavunja bendi, hata jina lake hutaki nilitaje. Mwezi ujao yeye na wenzenu wa zamani wanaipiga albamu yote ukumbini Ibighi, na nafasi yako ya gitaa hajampa mtu.

Sasa na mimi ni wa bendi, kwa hiyo nisikilize. Siku hiyo napika ndizi, naweka sahani moja mle wote wawili kama zamani. Prosper, Amoni, njooni mle.

Ni mimi mama yako,
Atupakisye