Wasichana Watano wa Tabitha

Shule ya Uuguzi ya Tabitha,
Karolina Kaskazini,
9 Juni 1966

Mpenzi dada Ozella,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji Linwood na wote wanaolala chini ya paa lenu. Huo mguu wako unaendeleaje? Umeupumzisha kama nilivyokuomba, au bado ni yale yale, kila apitaye njia lazima ale kwako? Na tumbaku je, imesimama tena baada ya ile mvua ya mawe? Mimi ni mzima. Presha imepanda kidogo, lakini mwalimu wa wauguzi akilalamikia presha yake wanafunzi watamcheka.

Barua yako niliipata wiki iliyopita. Umenieleza jinsi kanisa zima lilivyosimama kuniombea, na mchungaji akatangaza kwamba binti wa Pettiford ndiye mtu mweusi wa kwanza kufundisha uuguzi katika chuo kile cha Wazungu. Umesema mama angekuwa hai angevaa kofia yake ya Pasaka katikati ya wiki. Nilicheka, kisha nikaigeuza barua kifudifudi mezani, na kila nilipoishika kalamu kukujibu nikaiweka tena chini.

Shule yetu imefungwa kweli. Vitanda vya mazoezi vimekwisha chukuliwa. Unakumbuka nilivyoanza? Darasa lilikuwa chumba juu ya mahali pa kufulia nguo, mvuke ukitupandia kupitia sakafu, na mgonjwa wetu wa kujifunzia alikuwa mdoli wa magunia ya unga niliyemshona mwenyewe nikamjaza pamba. Wasichana walimwita Askofu, eti kwa sababu ana tumbo na hajibu akichomwa. Kwa Askofu yule walijifunza kutandika, kuosha, kugeuza na kudunga sindano, wakaenda kufanya mtihani wa jimbo pamoja na wasichana wa Kizungu waliosomea kwenye vyumba vya marumaru, wakafaulu.

Na lile la majina. Madaktari wa Kizungu walikuwa wakituita kama wanavyoita watoto wa jikoni: Leatha, njoo, Hattie, lete beseni. Nikawaambia wasichana wangu, asigeuke mtu mpaka aitwe Bi. Siku moja daktari aliita, akaita, mwisho akaniuliza, "Hawa wanafunzi wako ni viziwi?" Nikamjibu, "La, daktari, masikio wanayo mazuri sana. Wanangoja kusikia majina yao." Ilichukua miaka, dada, lakini waliitwa Bi.

Sasa serikali imesema shule za weusi peke yao na za weupe peke yao zisiwepo tena. Ndilo tulilolipigania, siwezi kusema vinginevyo. Ila milango iliyofungwa ni yetu sisi. Chuo kilinipa mimi kazi, na kikakubali kuwapokea wasichana watano wa mwaka wa pili wamalizie masomo huko. Waliobaki itawabidi waanze upya mahali pengine, au warudi nyumbani.

Niliwakusanya wasichana nikawasomea majina. Delphine wako hakuwamo. Hakulia. Alibaki akanisaidia kukunja mashuka, akayapanga kona kwa kona kama nilivyomfundisha, ndipo akauliza, "Bi Pettiford, nimekosa wapi?" Unajua hapa shuleni hajawahi hata mara moja kuniita mama mdogo, asije mtu akasema anabebwa. Nikamwambia chuo ndicho kilichochagua. Akasema, "Lakini hawajaniona. Wameona nini kibaya kwangu?" Nikamwambia watu wale wana macho yao, akafunge mizigo asikose basi.

Kumbe alipofika nyumbani aliwaeleza hivyo hivyo, na ninyi mkawalaani watu wa chuo na mkaniombea mimi.

Ozella, chuo hakikuchagua mtu. Nilichagua mimi.

Bi Haverstock, mkuu wa chuo, aliniita ofisini kwake, akanimiminia chai kwa mkono wake mwenyewe, akaniita Bi Pettiford bila kukumbushwa. Akaniambia, "Wewe ndiye unayewajua. Nitajie watano wako." Nilipoanza kutaja akatania, "Ila usituletee ukoo mzima!" Akacheka. Hakujua kama nina mtoto wa dada pale. Ulikuwa utani wa mtu asiye na la kusema. Nami nikacheka naye. Jina la Delphine lilikuwa limefika kwenye ulimi, nikalimeza. Mahali pake nikamtaja Roberta Sykes, msichana mpole, mwenye moyo wa kazi, ambaye mpaka leo huhesabu kwa vidole akipima dawa.

Niliogopa, dada. Niliogopa waseme, mpe mtu mweusi kiti kimoja atakalisha na jamaa zake. Niliipenda ile chai. Nilipenda nilivyoitwa. Nikamlipisha mtoto wako.

Nilirudi kwa Bi Haverstock nikamwambia ukweli. Akasema majina yamekwisha pelekwa, akiingia mmoja lazima atoke mmoja. Nimtoe Roberta? Amekwisha shona sare, na kosa si lake. Nilishindwa. Ila huko Virginia kuna shule yetu moja ambayo bado iko wazi, na mkuu wake, Inez Fauntleroy, nilisoma naye. Amekubali kumpokea Delphine aendelee mwaka wake bila kurudia. Anachotaka ni neno la Delphine mwenyewe, si langu. Na kazi ya chuoni sikuikataa. Nakuambia na hili, usije ukadhani nimejitoa kafara.

Msomee Delphine barua hii yote, usiruke mahali. Jumamosi nitakuja kwa basi la asubuhi. Usimsihi anisalimie, wala usinitetee kwake. Akiwa na maneno ya kunitupia, mwache ayatupe yote, nitayasikiliza nimesimama. Nawe ukishindwa kunikaribisha ndani, nitakaa kibarazani mpaka basi la kurudi.

Nisalimie shemeji, na wote wanaoniulizia. Mchungaji mwambie asinitaje kwanza.

Ila neno moja mwambie Delphine kabla sijafika, lisingoje Jumamosi. Hakuna Mzungu aliyemtazama akamwona hafai. Aliyemwacha anamjua tangu siku aliyozaliwa, na alijua kwamba anafaa.

Mdogo wako,
Leatha