Karatasi Mbele ya Mdomo

Jumatatu, 3 Machi
Tumerejea kutoka kliniki, mimi na mke wangu. Daktari amethibitisha: sikio lenyewe ni zima. Kilichojeruhiwa nilipoanguka ngazini ni mshipa wa fahamu unaopeleka sauti kwenye ubongo. Ndiyo maana sauti nazipata, maneno hayanyooki. Kisha akaeleza mengine kwa kirefu, akimtazama mke wangu, midomo yake nisiione. Nami nikaitikia kwa kichwa kila alipotua. Mtu anayewaandikia wenzake maombi kwa wakubwa, tena kwa ufasaha aliojifunza mwenyewe, hawezi kuuliza "Eti?" kama mtoto!

Alhamisi, 6 Machi
Mdogo wangu, anayelala chumba cha uani kwa hisani yangu, habanduki jikoni. Mke wangu anacheka naye. Kicheko nakisikia — kinachochekesha sikipati. Nilipohoji, nilisoma midomoni mwake: eti shemeji ana vituko. Vituko! Na vyangu vimeishia wapi?

Jumamosi, 8 Machi
Nimewafumania. Sebuleni, uso kwa uso, kila mmoja amejiziba mdomo kwa karatasi, wanasemezana! Wamejua nasoma midomo. Sasa wananificha mchana kweupe, ndani ya nyumba yangu. Nikazinyakua karatasi, nikazichana. Nikatamka maneno ambayo hata humu hayastahili kuandikwa. Mke wangu akabeba mkoba, akaenda kwa dada yake.

Mdogo wangu akanigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akasema polepole: "Kaka, ni zoezi la daktari! Tuzibe midomo, sikio lako lifanye kazi. Si ulikuwepo? Si uliitikia? Shemeji aliona haya, akataka tujaribu sisi kwanza."

Jumapili, 9 Machi
Nimefedheheka. Na wivu haujaondoka. Walijifunza kuzungumza nami — bila mimi!

Jumanne, 11 Machi
Mke wangu amerudi. Mkoba ameuacha mlangoni. Tumeketi mezani, sote watatu, kwa ajili ya zoezi.

Mdogo wangu akatangulia, mdomo nyuma ya karatasi: "Mheshimiwa, shati umelivaa nje ndani!" Nimelipata neno kwa neno. Hata mke wangu alicheka. Sauti nzito inapenya. Nyembamba, kwa maneno ya daktari niliyofikishiwa na mdogo wangu, ndiyo niliyoipoteza zaidi. Yaani namsikia huyu, na mke wangu simsikii!

Nikamwuliza mke wangu, kwa unyenyekevu wote, iwapo amenisamehe na atabaki. Akainua karatasi. Akasema, tena kwa kirefu. Sikupata kitu. Nikamwomba arudie. Akarudia. Mvumo mtupu. Macho yake yamelowa — kwa hasira? Kwa huruma? Nimemsihi aishushe karatasi. Ametikisa kichwa.

Mdogo wangu amesikia yote. Alipofungua kinywa anifikishie, nikainua mkono kumzuia. Jibu la mke wangu silitaki kinywani mwa mwanamume mwingine.

Nimeomba dakika moja, naandika haya mbele yao. Karatasi bado iko juu. Mdogo wangu anatazama mkoba, kisha ananitazama mimi, akingoja nimruhusu aseme —