Injini Kubwa, Viti Viwili

Dada Gati, shikamoo.

Hapa Sirari tunacheka tu. Baba mkwe wangu, mzee Wangwe, ameliona gari la spoti ninalolitaka, akasema lilivyo chini litakwama juu ya mavi ya ng'ombe!

Yapo mawili, yote ya mkononi. Moja lina injini ya cc 1800, lingine 2500. Mke wangu Winfrida alitaka dogo, eti kubwa litakunywa mafuta kama ng'ombe aliyefika mtoni. Nikamkubalia. Kisha mwanao Magige akanipigia: kifua kimekubana tena, nawe umemkataza asiniambie.

Nimechukua kubwa, dada. Kutoka kwako Nyansurura hadi hospitali ni mbali. Lina viti viwili tu, changu na chako. Jumamosi nisubiri barabara kuu. Nikiingia hadi zizini kwako nitakwama, na mzee Wangwe atasikia.

Mdogo wako mbishi,
Steven