Mashine Inayongoja Kidole

Mikumi, Jumapili mchana

Mdogo wangu Mwanahawa,

Marahaba, maana hata kama umenikasirikia, ukiona mwandiko huu mdomo utasema shikamoo wenyewe. Goti lako linasemaje? Na ile mihogo ya bondeni, ngiri wamewaachia kidogo? Mimi mzima. Meno yangu ni yaleyale manne, na maandazi bado yananiogopa.

Najua utacheka, Mikumi na Kilosa tunaandikiana barua kama mtu aliye ng'ambo. Lakini huu mwaka wa pili sijakanyaga hapo nyumbani, na wewe simu yako unaiweka sauti ya juu, jamvi zima linasikia. Haya si ya jamvi. Nimeyaandika siku tatu kwa herufi zangu za kisomo cha watu wazima, nawe uyasome polepole.

Nimesikia ya arobaini ya kaka Shabani. Nimeambiwa mtani wetu Kibwana aliweka simu mahali pangu, pale anapokaa mkubwa wa nyumba, akaipigia magoti: "Shikamoo Mzee Athumani, karibu pilau." Watu wakacheka. Ni haki yake, mtani msibani hana kosa. Mimi msiba wa baba yake nilijilaza kwenye jeneza nikasema nimewahi nafasi. Lakini huo utani wake, Hawa, umeninyima usingizi, maana kweli simu ndiyo iliyonikosesha kuja.

Unajua namtunza Bibi Salome, mama wa tajiri yangu, yule wa kutoka Vidunda. Mapafu yake yamechoka, anapumua kwa mashine ya oksijeni. Mashine ina kelele, kwa hiyo inakaa koridoni, mpira mrefu unamfikia kitandani. Umeme ukikatika, anajifungulia mtungi mdogo wa akiba ulio karibu na mkono wake. Ukirudi, mimi naenda koridoni kuwasha mashine. Ndiyo maana siondoki. Ndiyo maana hata kaka sikumzika.

Tajiri aliona aibu kwa hilo. Akaleta soketi ya kuamrishwa kwa simu, ili arobaini nije. Umeme ukirudi inajiwasha yenyewe, na mimi popote nilipo naona alama ya kijani. Tukaijaribu kwa taa, ikatii. Kwa feni ya zamani, ile ya kuzungusha kitufe mpaka namba tatu, ikatii. Redio ikatii. Mtaa mzima nikautangazia kwamba Athumani siku hizi anaamrisha nyumba kwa kidole. Mashine yenyewe hatukuijaribu. Tulisema tusimkatie bibi pumzi kwa mchezo.

Siku ya safari nikapanda basi la asubuhi, nimeshawasimulia abiria jinsi nilivyobishana na tembo barabarani mpaka akaomba radhi. Karibu na Ulaya, kile kijiji chetu cha njia ya Kilosa, alama kwenye simu ikawa nyekundu, umeme umekatika. Baada ya muda ikawa kijani. Nikainyanyua basi zima waone. "Mnaona? Nimemwasha bibi kutoka hapa."

Mama mmoja aliyekaa pembeni yangu akaniuliza, "Na bibi mwenyewe amesemaje?"

Nikapiga. Haikupokelewa. Nikapiga tena na tena. Nikampigia jirani yetu Mama Neema, hapatikani. Nikashuka Ulaya, nikachukua bodaboda, na njia nzima dereva sikumsimulia hata tembo mmoja. Wewe unanijua, hebu fikiria.

Taa za nyumba zilikuwa zinawaka. Koridoni kimya. Bibi alipoona taa zimerudi alifunga mtungi, akarudisha mpira wa mashine puani, akiamini imeamka. Masikio yake mazito, kimya hakukisikia. Nilimkuta midomo ya zambarau, macho yananitazama bila kuniona. Nikafungua mtungi. Nikaenda koridoni nikagusa kile kidude cha kuwashia. Ikalia tii, ikaanza.

Saa nzima baadaye akaniuliza, "Umesharudi kutoka Kilosa?"

"Nimeishia Ulaya, bibi."

"Kuna baridi?"

"Sana."

Kesho yake fundi akanieleza. Akasema, "Mzee, soketi inafikisha umeme mlangoni tu. Feni yako mlango uko wazi, umeme unaingia moja kwa moja. Mashine hii ikikatikiwa inasahau kila kitu, inangoja mtu aje aiguse." Akataka kuibandikia kidole cha plastiki chenye mota. Nikamuuliza, je, kikigusa ikiwa inawaka? Akasema, "Itazima." Nikamwambia akibebe kidole chake aende nacho.

Wewe uliponipigia nilikwambia basi limeharibika. Hawa, uongo nimesema mwingi, hata wanyama wa mbugani wananijua. Lakini ule wote ulikuwa wa kuchekesha watu. Huu ni wa kwanza niliousema ili nijifiche. Sikutaka ujue kwamba nilikaribia kuua mtu wa watu kwa kujisifu, na kaka yangu nikamkosa mara mbili. Nisamehe.

Ijumaa Mama Neema, ambaye ni muuguzi mstaafu, atahamia hapa siku tatu. Nimemfanyisha mazoezi ya kuwasha mpaka amenifukuza koridoni. Nakuja. Nipeleke kaburini wewe, sitaki mtu mwingine.

Msalimie shemeji Saidi, mwambie cherehani yake iniandalie kanzu, ya kwangu imekuwa na madirisha. Pole ya Bi Zuhura, mjane wetu, nitampa mwenyewe nikifika. Na Kibwana mwambie hivi: simu yake aiache palepale jamvini, asiiguse. Nitakaa chini yake, mahali pa mdogo, mpaka yeye mwenyewe aiondoe.

Ni mimi kaka yako, aliyefika Ulaya akarudi,

Athumani