Matundu Mawili Kichwani mwa Mama

Mpendwa Mama,

Shikamoo huko uliko. Leo nimepika pilau, na mvuke wa bizari ulipopanda nikakuona vile ulivyokuwa: kanga imefungwa kiunoni, mwiko mrefu mkononi, ukiwaamrisha wanawake wazima wa Msambweni kama askari wapya, na kicheko chako kikisikika hadi barabarani. Hapakuwa na harusi iliyohesabiwa harusi pale mjini kama masufuria hukuyasimamia wewe.

Niruhusu nikukumbushe mwaka ule wa uhuru, bendera mpya ilipokuwa bado haijapauka kwa jua. Ulikuwa unatoka banda la kupikia umebeba sinia, ukajigonga kichwa kwenye boriti. Ukaitukana boriti, ukasugua utosi, ukaendelea na kazi yako. Hapakuwa na damu wala uvimbe wa kusemwa. Sote tukasahau.

Wiki kadhaa zikapita. Kichwa kikaanza kukuuma kila asubuhi, na mguu wa kushoto ukawa unaburuta kiatu. Kisha, kwenye harusi ya jirani yetu, ukatia sukari katika pilau badala ya chumvi. Wageni walikula kwa adabu huku wakitazamana, nami nikacheka hadi nikajishika mbavu. Ukanigeukia, ukaniita kwa jina la dada yako aliyekufa zamani. Kicheko kikanikauka.

Majirani walisema una pepo. Baba, mtu wa cherehani asiyependa maneno mengi, akafunika cherehani yake kwa kitambaa, akasema, "Tunakwenda hospitali." Hospitali ya Msambweni wakatuelekeza Mombasa. Huko daktari akakumulika macho, akakugonga magoti kwa kinyundo, kisha akauliza swali lililotushangaza: "Aliwahi kujigonga kichwa? Hata kama ni zamani kidogo?"

Ndipo ile boriti ikatajwa. Akatueleza kwamba kishipa kilikatika siku ile, damu ikawa inavuja kidogo kidogo kati ya fuvu na ubongo, mpaka ubongo ukabanwa kama mgeni katika chumba kilichojaa mizigo.

Lakini madaktari walikuwa wawili, na hawakuafikiana. Mkubwa wao alitaka kukata kipande cha mfupa, afungue dirisha, aone kwa macho yake na kusafisha yote, kisha aurudishe mfupa mahali pake. Wa pili, Mhindi mzaliwa wa Mombasa aliyesema Kiswahili fasaha kukushinda hata wewe, alitaka matundu mawili madogo tu, ngozi itiwe ganzi, damu itoke, na ndani paoshwe kwa maji ya chumvi.

"Moyo wake ni dhaifu," alisema. "Akilazwa usingizi wa dawa kwa muda mrefu, huenda asiamke."

"Na damu ikijaa tena?" mkubwa akamwuliza.

"Tutaitoa tena. Ikishindikana, hapo tufungue."

Kila njia ilikuwa na kaburi lake pembeni.

Akaingia Mjomba Hamisi, kaka yako mkubwa, ambaye jambo la ukoo wenu halikwenda bila idhini yake. Akapiga bakora sakafuni. "Kichwa cha dada yangu si dafu la kutobolewa!"

Ugonjwa ule ulikuwa na hila, Mama. Jana ulikupoteza, leo ukakurudisha, na asubuhi ile ulikuwa umerudi. Ukafumbua jicho moja.

"Kaka Hamisi, ukitaka maji ya dafu, hulitoboa au hulipasua kwa shoka?"

"Hulitoboa," akasema kwa sauti ndogo.

"Basi nyamaza. Nami nitobolewe."

Hata yule daktari mkubwa alicheka. Akakubali kuanza na matundu, na kusimama hapo hapo tayari.

Ulitusimulia baadaye kwamba uliisikia keekee ikizunguka mfupani, ukamwambia daktari, "Mwanangu, wewe na seremala mmesoma chuo kimoja." Damu ilitoka nyeusi kama kahawa tungu. Tuliporuhusiwa kuingia ukanikazia macho, na kichwa chako kimefungwa bandeji.

"Mwanamkasi, hizo nywele zako zimechanwa na kuku?"

Baba akatoka, akauegemea ukuta, akalia. Sikuwahi kumwona akilia kabla ya siku ile.

Tulifurahi mapema. Kichwa kilikuuma tena, mguu ukalegea, na mkubwa akaanza kulitaja dirisha lake. Wakakubaliana kuosha mara moja zaidi kupitia tundu lile lile, na kuacha mpira mwembamba wa kutolea maji. Safari hii pakakauka, alhamdulillahi.

Ukarudi Msambweni na kipara chako, ukakataa kujitanda kanga. Wanawake walipanga foleni kupapasa vibonyeo viwili kichwani mwako, nawe ukiwakaripia, "Polepole, si boga hilo!" Barazani Mjomba Hamisi akawaambia watu, "Mimi ndiye niliyesema atobolewe." Ulimsikia, ukakoroga mchuzi wako, hukumwaibisha.

Ulipika harusi yangu. Ukawapokea wanangu wote, ukawadekeza kwa kaimati. Ulipoondoka ulikuwa bibi kizee, kitandani mwako, usingizini.

Sasa nimekuzidi umri uliokuwa nao siku ile ya boriti. Nina hamu nawe, ila si hamu ya majonzi. Asubuhi hii mjukuu wangu alijaribu kugeuza pilau, mwiko ukamshinda, wali ukamrukia puani. Nikaangua kicheko. Wajukuu wakubwa, wale waliokuwahi na kukuita Bibi Mkuu, wakatoka mbio chumbani, wakatazama mlangoni, wakaniuliza, "Bibi, mbona tumesikia kama Bibi Mkuu amekuja?"

Nikawaambia, amekuja. Mkaribisheni.

Lala kwa amani, Mama. Huku tumeshiba.

Bintiyo